Nianze na Lugha Gani? Majibu kwa Anayetaka Kujifunza Kuandika Programu



Ndugu zangu katika imani, mimi ni mwanafunzi wa masomo ya Kiislamu, si wa kompyuta. Lakini tangu wenzangu bwenini wajue kwamba naandika programu, maswali hayaishi. Tunaona kaka zetu waliohitimu wakizunguka na bahasha za vyeti, na kila mmoja anatafuta ujuzi wa kuongeza juu ya shahada. Nimekusanya maswali matano yanayorudi mara kwa mara.

Swali la 1: Nianze na lugha gani?

Jiulize kwanza unataka kutengeneza nini. Anayetaka kutengeneza tovuti hawezi kuikwepa JavaScript, kwa kuwa ndiyo lugha inayofanya kazi ndani ya vivinjari vyote. Anayelenga programu za simu za Android ajifunze Kotlin. Anayependa kuchambua takwimu achukue Python. Kama bado hujui, anza na Python: ni ya bure, na maandishi yake ni mepesi kusoma.

Muhimu zaidi ni kutohamahama. Mwaka wangu wa kwanza nilianza Python. Wiki tatu baadaye rafiki akaniambia kazi ziko kwenye Java, nikahama. Kisha nikasikia sifa za JavaScript, nikahama tena. Mwaka ulipokwisha nilijua kuandika salamu kwenye skrini kwa lugha tatu, basi.

Madrasa ilikuwa imenifunza jambo hili zamani. Ustadhi hakupi Alfiyya kabla hujamaliza Ajurrumiyya, na aliyeimaliza Ajurrumiyya vizuri hatishwi na kitabu cha pili. Lugha za programu nazo misingi yake inafanana: kuhifadhi thamani, kuweka masharti, kurudia hatua, kugawa kazi kubwa katika vipande vidogo. Chukua moja, kaa nayo angalau miezi sita.

Swali la 2: Ni lazima niwe bingwa wa hisabati?

Kwa kazi nyingi za kawaida, hapana. Unachohitaji ni kupanga hatua moja baada ya nyingine bila kuruka. Neno algorithimu lenyewe limetokana na jina la al-Khwarizmi, mwanachuoni wa Baghdad wa karne ya 9. Kitabu chake cha aljebra kina sehemu ndefu kuhusu wasia na mirathi. Hesabu zake zilikuwa za kutatua mambo ya watu.

Swali la 3: Nitajuaje kwamba nimeelewa?

Si kwa kutazama video. Tengeneza kitu. Mimi niliandika programu ya mirathi: unaingiza mali na warithi, inakupa mafungu. Mwenzangu akaijaribu kwa mfano huu: mwanamke amefariki, ameacha mume na dada wawili wa baba na mama mmoja, na mali ya shilingi 4,200,000. Programu ikampa mume nusu, yaani 2,100,000, na dada zake theluthi mbili, yaani 2,800,000. Jumla 4,900,000! Nilikuwa nimegawa pesa ambazo marehemu hakuziacha.

Kompyuta haikukosea, ilitii nilichoandika. Mimi ndiye niliyesahau awl, ambapo mafungu 3 na 4 kati ya 6 huhesabiwa kati ya 7. Mume anapata 1,800,000 na kila dada 1,200,000. Kurekebisha kulinichukua siku mbili, na siku hizo zilinifunza kuliko video za mwaka mzima.

Tena zingatia: asiyejua mirathi asingeliona kosa lile. Kwa hiyo usiitupe fani yako. Wa uuguzi, wa biashara, wa kilimo, kila mmoja analo tatizo analolijua kuliko mwandishi wa programu wa kawaida. Anzia hapo.

Swali la 4: Sina laptopu. Nifanyeje?

Kuna programu za bure za kuandika Python kwenye simu. Zinachosha macho, lakini zinatosha kwa misingi. Pia kuna chumba cha kompyuta cha chuo, na daftari: andika hatua kwa kalamu kwanza, kisha nenda kuzijaribu.

Swali la 5: Je, nitapata kazi?

Riziki iko kwa Mwenyezi Mungu, nasi tumeamrishwa kufunga ngamia kisha kutawakali. Jihadhari na anayekuahidi kazi baada ya wiki sita ukimlipa ada. Mwajiri makini atataka kuona ulichotengeneza, na atakuuliza umekitengeneza vipi. Kwa hiyo usinakili kazi ya mtu ukaiita yako. Ni hiana, na swali la pili tu litakuumbua.

Uliza pia utatengeneza nini. Programu za kukopesha pesa kwa riba zimejaa kwenye simu zetu, na kila moja ina watu walioiandika. Mtume (s.a.w.) alipowalaani watu wa riba, alimtaja hata anayeiandika. Kabla ya kusaini mkataba wa kazi ya namna hiyo, muulize mwanachuoni unayemwamini, hata kama mshahara ni mnono.

Anza wiki hii na jambo dogo: programu ya mistari kumi inayohesabu zaka ya mali yako, hata kama bado haijafika nisabu. Ikikosea, usiifute. Kaa nayo mpaka ujue kwa nini.

Wabillahi tawfiq.