TUJIFUNZE KUZIMA MOTO KABLA HAUJATUFIKA

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.



Mwaka huu tumeona tuwaletee somo ambalo hatulifundishi katika vipindi vya fiqhi wala tajwidi, lakini linahusu uhai wetu sote. Sisi walimu, pamoja na baadhi ya wazazi na wanafunzi wakubwa, tulihudhuria mafunzo ya kuzima moto waliyopewa wananchi wa mtaa wetu hapa Dodoma. Waliofundisha ni askari wa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Jeshi hili linafanya kazi chini ya Sheria Namba 14 ya mwaka 2007, na kuelimisha wananchi ni sehemu ya kazi yake.

Siku ya mwisho askari mmoja alifika nasi hadi madrasani kutazama majengo. Alipofika kwenye geti letu la nondo akauliza, "Ustadhi, watoto wakiwa ndani geti hili huwa wazi?" Tukamjibu kwamba hulifunga kwa kofuli ili wadogo wasikimbilie barabarani. Akauliza tena, "Na ufunguo uko wapi sasa hivi?" Tukatazamana. Ufunguo ulikuwa katika mfuko wa kanzu ya mwalimu wa zamu, na mwalimu huyo alikuwa amekwenda dukani kununua chaki.

Askari hakutulaumu. Alinyamaza tu, na kile kimya kilitufundisha kuliko maneno. Wazazi wametukabidhi watoto wao, na sisi kwa nia njema tulikuwa tumewafungia ndani. Ndiyo sababu tunaandika somo hili.

MOTO KATIKA MAFUNDISHO YA DINI

Wako wanaodhani kwamba habari za zimamoto ni mambo ya serikali na hayahusiani na dini. Dhana hiyo si sahihi. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba nyumba moja ya Madina iliungua usiku na watu wake wakiwemo. Mtume (S.A.W.) alipopewa habari hizo alieleza kwamba moto ni adui yetu, na akaamrisha tuuzime tunapokwenda kulala. Katika hadithi nyingine aliagiza taa zizimwe usiku, kwani panya anaweza kuuburuta utambi na kuwaunguza wenye nyumba.

Tazameni jinsi mafundisho hayo yalivyo ya vitendo. Mtume (S.A.W.) hakutosheka na kuwaombea watu dua tu. Alitaja chanzo cha hatari na akaeleza la kufanya. Vilevile imepokewa na Tirmidhi kwamba mtu aliyeuliza kama amwache ngamia wake huru na kutawakali aliambiwa amfunge kwanza, kisha atawakali.

Ni kweli kwamba anayekufa kwa kuungua ametajwa miongoni mwa mashahidi. Hiyo ni rehema ya Mola kwa waliofikwa na msiba, wala si ruhusa kwetu ya kuzembea. Katika Suratul Maaida, aya ya 32, tunafundishwa kwamba anayeihuisha nafsi moja ni kama aliyewahuisha watu wote. Nayo elimu ambayo jamii haiwezi kuishi salama bila ya kuwa nayo ni fardhi kifaya: wakijifunza baadhi yetu wa kutosha, wengine wamesalimika, asipojifunza yeyote, sote tuna dhambi. Imam Ghazali katika Ihyaa aliitaja tiba kuwa miongoni mwa elimu hizo. Sisi tunaona kwamba katika mji unaokua kama Dodoma, kujua kuzima moto kunastahili kuwekwa hapo hapo.

YALIYOTOKEA NCHINI KWETU

Mwezi Agosti 2009, wasichana 12 walifariki bweni lilipoungua katika Shule ya Sekondari Idodi, mkoani Iringa. Mwezi Septemba 2020, watoto 10 walifariki kwa moto wa bweni katika Shule ya Msingi ya Kiislamu Byamungu, wilayani Kyerwa, mkoani Kagera. Hao walikuwa watoto kama ninyi. Tunamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu na awape subira wazazi wao.

Tarehe 10 Agosti 2019, katika siku za kukaribia Idd el-Hajj, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro. Watu wakakusanyika kuchota petroli, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakafariki. Barabara inayopita Msamvu ndiyo inayokuja huku kwetu Dodoma, na malori ya mafuta tunayaona kila siku. Lori likipinduka, ondoka haraka na uwaondoe wenzako. Mafuta ya bure yasikuvute. Kwanza ni mali ya mtu, na pili mvuke wa petroli husambaa hewani na kuwaka kwa cheche moja tu.

Kwetu huku nyanda za kati ukame ni mrefu na upepo ni mkali. Nyasi zikikauka, moto wa takataka uliowashwa uani unaweza kuvuka ua kabla hujarudi na ndoo ya maji. Gari la zimamoto nalo lina safari ya kufika, hata dereva angekuwa hodari namna gani. Dakika za mwanzo ni za yule aliyepo hapo: mama jikoni, fundi kibandani, mwalimu darasani.

MOTO HUISHI KWA VITU VITATU

Askari walitufundisha kwamba moto unahitaji vitu vitatu: joto, hewa na kitu cha kuungua. Ukiondoa kimoja, moto hufa. Kwa hiyo njia za kuuzima ni kupoza, kuunyima hewa, au kuondoa kinachoungua. Lakini kila moto una dawa yake:

1. Moto wa kuni, karatasi, nguo na mikeka. Huu huzimwa kwa maji, kwani maji hupoza.

2. Moto wa mafuta ya kupikia. Usitie maji kabisa! Mafuta yanayowaka yana joto kubwa kuliko maji yanayochemka. Maji yakiingia hugeuka mvuke mara moja na kupanuka takriban mara 1,700, yakayarusha mafuta yenye moto kila upande. Zima jiko, funika sufuria kwa mfuniko au kitambaa kizito kilicholoweshwa na kukamuliwa vizuri, kisha usifunue mpaka ipoe. Usiibebe kuipeleka nje.

3. Moto wa umeme. Kata umeme kwenye swichi kuu kwanza, kama unaweza kuifikia kwa usalama. Usimwagie maji kitu chenye umeme.

4. Gesi ya kupikia ikivuja. Usiwashe kiberiti wala usiguse swichi ya taa. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, toka nje. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, hivyo hulala chini sakafuni.

Katika zoezi la sufuria, mama mmoja ambaye ni mpishi wa shughuli zetu alituambia kwamba miaka yote alijua dawa ya moto ni maji tu. Alipofunika kwa kitambaa kibichi na moto ukazimika mbele ya macho yake, alisema, "Kumbe nilikuwa napika na kifo." Tangu hapo mfuniko haumtoki mkononi.

KUTUMIA MTUNGI WA KUZIMIA MOTO

Mtungi ulikuwa umetundikwa ukutani kwetu, na hakuna aliyejua kuutumia. Hatua zake ni nne: vuta pini, elekeza mdomo wa mpira kwenye shina la moto, si kwenye ndimi zake, bana mkono wa mtungi, pitisha kulia na kushoto kama anayefagia. Mtungi mdogo wa unga hauchukui hata nusu dakika kuisha, basi usianze kubana ukiwa mbali. Simama upande unakotoka upepo, na nyuma yako pawe na njia ya kukimbilia. Tazama pia kipimo chake: mshale ukiwa sehemu ya kijani, mtungi una nguvu.

Moto ukikuzidi kimo, au moshi ukijaa, acha. Toka nje na ufunge mlango nyuma yako bila kutia ufunguo, ili moto ukose hewa. Ninyi watoto wadogo, kazi yenu si kuzima. Kazi yenu ni kutoka na kumwambia mtu mzima. Msijifiche uvunguni wala kabatini, na msirudi ndani kufuata juzuu, begi wala viatu.

MOSHI, NGUO NA MAJERAHA

Moshi huua kabla ya miali kufika. Nao hupanda juu, kwa hiyo hewa ya kuvuta iko chini: inama au tambaa mpaka mlangoni. Nguo ikishika moto usikimbie, kwani kukimbia huupepea. Simama, lala chini, jibiringishe. Wasichana wetu wajihadhari na mabaibui mepesi karibu na jiko. Kitambaa cha nailoni huyeyuka na kugandia mwilini. Chetezo cha udi nacho kisiachwe karibu na pazia.

Aliyeungua mwagieni maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Msipake dawa ya meno, mafuta, unga wala yai. Kisha mpelekeni hospitali.

PIGA 114

Namba ya zimamoto ni 114. Sema kwa utulivu: mtaa gani, karibu na msikiti au shule gani, kinachoungua ni nini, na kama kuna watu ndani. Usikate simu mpaka uambiwe. Anayepiga kwa mchezo anaweza kuwa anamnyima mwingine uhai wake.

TULIYOYABADILISHA

Kofuli tumeliondoa. Geti sasa lina komeo ambalo mtu mzima hulifungua kwa ndani bila ufunguo, na mwalimu mmoja hukaa hapo muda wote wa masomo. Tumeweka ndoo mbili za mchanga kando ya jiko. Kila muhula tunafanya zoezi la kutoka: kengele inapigwa, wadogo wanashikana mikono, tunakusanyika chini ya mti, na kila mwalimu anaita daftari lake la mahudhurio. Mara ya kwanza tuligundua kwamba mtoto mmoja hayupo. Alikuwa chooni, hakuisikia kengele. Lilikuwa zoezi tu, alhamdulillah. Sasa yuko mwalimu ambaye kazi yake ni kukagua vyoo.

Wazazi nanyi, leo usiku kabla ya kulala tazameni mlango na madirisha yenye nondo. Ufunguo uko wapi? Je, mtoto mkubwa anapajua? Zimeni moto, ombeni dua, kisha laleni.

ZOEZI

1. Taja vitu vitatu vinavyouwezesha moto kuwaka.
2. Kwa nini maji hayafai kwa mafuta yanayowaka?
3. Eleza maana ya fardhi kifaya kwa mfano wa kuzima moto.
4. Nyumbani kwenu kuna njia ngapi za kutokea? Chora ramani yake pamoja na mzazi wako, uilete darasani.

Wabillahi tawfiq.