Nani Atawalea Watoto Wenu?

Wapendwa wanandoa, mkiitwa na Mungu leo, nani atawalea watoto wenu? Msidhani ni wasimamizi wao wa ubatizo. Hao ni walezi wa imani, si walezi wa kisheria.

Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 humruhusu mzazi kumteua mlezi kwa wasia au kwa hati yenye tarehe, akitia sahihi mbele ya mashahidi wawili. Mmoja wenu akibaki hai, atalea pamoja na mlezi huyo. Kwa hiyo mume asimteue ndugu yake bila mke kujua, wala mke dada yake.

Kaeni jioni moja, mkubaliane, mmwulize mhusika kama yu radhi, kisha mwandike. Jamaa wakigombana matangani, maandishi hayo yatawasemea watoto.