Nianze na cheti cha wingu?

Swali: Nasimamia hifadhidata za Oracle, na ofisi yetu inahamia kwenye wingu. Nianze na cheti cha AWS?

Jibu: Cheti kisubiri. Kwenye wingu mtoa huduma hutunza mashine; hoja za SQL zinazokwenda polepole na ruhusa zilizoachwa wazi hubaki mikononi mwako, na hayo unayajua. Jifunze PostgreSQL: ni ya bure, na AWS, Azure na Google Cloud zote zinaitoa. Isakinishe nyumbani, ijaze data, ifute makusudi, kisha irejeshe kutoka kwenye nakala rudufu. (Wengi wana nakala wasizowahi kuzijaribu!) Baadaye jifunze kusoma bili ya wingu, maana mashine uliyosahau kuizima hulipiwa usiku kucha. Ukifika hapo, kafanye mtihani wa cheti.