Mbegu ya Mkaratusi: Vuna Kabla Tunda Halijafunguka

Mkaratusi uliletwa nchini mwanzoni mwa karne ya 20 ili kupata kuni za gari moshi la reli ya Uganda. Leo nguzo na mbao zake hutegemewa na wajenzi, na miche yake huwapa kipato vijana wenye vitalu. Kwa kikundi cha Pumwani, hata hivyo, mbegu iliyovunwa mbichi ni hasara: haioti, na msimu wa mvua hupita kitalu kikiwa kitupu.

Wakati wa kuvuna

Usitegemee kalenda pekee, kwani tawi moja laweza kuwa na maua na matunda ya rika tofauti. Angalia tunda lenyewe. Likiwa kijani na laini, liache. Likigeuka kahawia, likawa gumu na kuonyesha mistari juu yake, limekomaa. Kwa uhakika, pasua machache kwa kisu: mbegu nyeupe bado ni changa, mbegu nyeusi au za kahawia ziko tayari. Tunda lililokwisha kufunguka limemwaga mbegu zake.

Namna ya kuvuna

Chagua miti kadhaa iliyonyooka na yenye afya. Epuka mti uliosimama peke yake; hujichavusha wenyewe na miche yake huwa dhaifu. Epuka pia miti chotara, kwani miche yake haitafanana na mzazi. Usipande mti ulio karibu na nyaya za umeme, wala usikate matawi ya miti ya umma bila kibali cha kaunti.

Anika matunda juani juu ya kitambaa kwa siku mbili au tatu, mahali pasipo na upepo. Yatafunguka yenyewe. Chekecha, kisha hifadhi mbegu kavu katika chombo kinachofungwa vizuri, mahali penye ubaridi.

Miche hukaa kitaluni takriban miezi minne. Anayelenga mvua ya Machi hadi Mei apande mbegu Novemba.

Asiye na miti bora anaweza kununua mbegu zilizopimwa katika Taasisi ya Utafiti wa Misitu Kenya (KEFRI), Muguga. Wakazi wanakumbushwa kwamba mkaratusi hunywa maji mengi, hivyo usipandwe kwenye kingo za Mto Nairobi. Huko, miti ya kiasili ndiyo inayofaa.