Matone ya Steroidi kwa Macho Makavu: Kwa Nini Wiki Mbili Tu

Wagonjwa wengi wa macho makavu hufika kliniki machozi yakiwatoka. Macho yanawachoma kama yameingia mchanga, na ikifika jioni hata kusoma ujumbe kwenye simu ni taabu. Machozi hayo huletwa na muwasho na hayakai juu ya jicho. Konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho, inapokauka, seli zake huumia, kinga ya mwili inaamka na kuleta inflamesheni, nayo huzidi kuharibu uso wa jicho na tezi za machozi. Steroidi, dawa za kutuliza inflamesheni, hutolewa ili kuukata mzunguko huo.

Mwaka 1999, Marsh na Pflugfelder wa Marekani walitoa taarifa ya wagonjwa 21 wenye ugonjwa wa Sjögren, ambamo kinga ya mwili hushambulia tezi za machozi, waliotumia matone ya steroidi ya methiliprednisoloni. Baada ya wiki mbili wote walipata nafuu. Hata hivyo, kundi la kulinganisha halikuwepo, na kwa waliotumia dawa miezi kadhaa madhara yalianza kujitokeza.

Kupima dawa ya macho makavu kuna ugumu wake: tone lolote hulowesha jicho, na jicho lililolowa hupata nafuu. Ndiyo maana katika majaribio ya STRIDE nchini Marekani, washiriki wote walitiwa kwanza matone yasiyo na dawa kwa wiki mbili. Walioendelea kuumwa ndio waliogawanywa kwa kura: wengine steroidi iitwayo loteprednoli, ya asilimia 0.25, mara nne kwa siku, wengine kimiminika kilekile bila dawa. Katika jaribio la pili wekundu ulipungua, lakini maumivu hayakupungua kwa tofauti ya kutosha kitakwimu. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilikataa kuidhinisha, ikataka ushahidi zaidi. Likafanyika jaribio la tatu lenye watu takriban 900, safari hii maumivu nayo yakapungua, na Oktoba 2020 dawa ikapita, kwa matumizi yasiyozidi wiki mbili.

Mpaka huo una sababu. Tangu miaka ya 1960, tafiti za Becker na Armaly zilionyesha kwamba steroidi hupandisha presha ya jicho kwa baadhi ya watu. Kwa takriban mmoja kati ya 20 hupanda sana. Presha hiyo haiumi, na mshipa wa fahamu wa jicho ukishaharibika haurudi. Matumizi marefu huleta pia mtoto wa jicho. Loteprednoli, iliyobuniwa na Nicholas Bodor ili ivunjike haraka ikishafanya kazi, hupunguza hatari hiyo bila kuiondoa.

Kibaya zaidi ni steroidi iliyonunuliwa dukani kwa kukisia. Mkulima aliyechomwa jichoni na jani la mahindi anaweza kuwa na maambukizi ya fangasi. Akitia deksamethasoni, wekundu unapungua siku chache huku kidonda cha konea kikizidi kuchimbika. Matone mengi ya antibiotiki yana steroidi ndani yake, hivyo jina la dawa lisomwe lote: deksamethasoni, betamethasoni na prednisoloni zote ni steroidi.

Kabla ya kuandika dawa, mtaalamu hutia rangi ya fluoresini na kuchunguza konea kwa mwanga wa buluu, kisha hupima presha. Dozi ikiisha na jicho bado linachoma, chupa ya pili haitolewi kabla ya vipimo hivyo kurudiwa. Wenye ugonjwa wa muda mrefu huweza kuanzishiwa siklosporini, ambayo huchukua wiki hadi miezi kufanya kazi.