Kifaranga Akishindwa Kusimama, Kagua Chakula Kwanza

Iwapo unafuga kuku nyuma ya nyumba mjini, huenda umewahi kuona vifaranga wa wiki mbili au tatu wakianza kuchechemea, kisha wakaketi na kukataa kusimama. Wafugaji wengi hukimbilia dukani kununua dawa ya kuua viini. Aghalabu pesa hizo hupotea bure, kwa kuwa kinachokosekana ni madini katika chakula.

Yanayohusika zaidi ni kalsiamu na fosforasi. Hayo ndiyo huufanya mfupa uwe mgumu, lakini mwili hauwezi kuyatumia vyema bila vitamini D, ambayo kifaranga huipata katika chakula au kwa jua. (Jua la kupitia kioo cha dirisha halifai.) Madini hayo yakipungua, mifupa hubaki laini. Jaribu kuupinda mdomo wa kifaranga polepole: ukikunjika kama mpira, hayo ni matege.

Kosa la kawaida ni kuwalisha pumba na mahindi yaliyosagwa pekee. Nafaka ina fosforasi, ni kweli, ila karibu thuluthi mbili yake imefungika hivi kwamba tumbo la kifaranga haliwezi kuitumia. Kalsiamu nayo ni haba mno. Kosa la pili naliona baya zaidi, kwa sababu hufanywa kwa nia njema: kuwapa chakula cha kuku wanaotaga. Hicho huwa na kalsiamu ya asilimia 3.5 hadi 4, ilhali kifaranga anahitaji takriban asilimia 1. Ziada hiyo huharibu figo.

Upungufu wa manganizi una dalili zake. Mfupa huwa mgumu, lakini kifundo cha mguu huvimba na ukano wa nyuma huteleza kutoka mahali pake, mguu ukapinda upande. Kifaranga aliyefikia hapo hapati nafuu. Wenzake bado unaweza kuwaokoa kwa kubadilisha chakula siku hiyo hiyo.

Nunua chakula cha vifaranga ambacho hakijakaa dukani muda mrefu. Ukichanganya mwenyewe, tia madini yaliyotengenezewa vifaranga kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Matege yakigunduliwa mapema hupona.

Lakini shingo ikipinda, au mguu mmoja ukinyooka mbele na mwingine nyuma, shuku ugonjwa wa Newcastle au wa Marek. Hapo mwite daktari wa mifugo mara moja, na usiutupe mzoga kabla hajaupasua.