SOMO: UZITO GANI UNAKUFAA?



Hapa Rumonge, kijana wa shamba la michikichi au wa kupakia mashua anayetaka kuongeza nguvu baada ya kazi hana haja ya kununua vyuma vya bei kubwa. Bidoni za lita 20 tunazo, na mchanga umejaa ufukweni mwa ziwa. Swali ni moja: atie kiasi gani?

Tuanze na hesabu. Lita 1 ya maji ni kilo 1, kwa hiyo bidoni iliyojaa maji ni kilo 20, mbali na uzito wa bidoni yenyewe. Mawese ni mepesi kuliko maji. Bidoni hiyo hiyo huwa na kilo 18 hivi. Lakini mchanga mkavu hupita kilo 1 na nusu kwa lita, na bidoni ikijaa hufika kilo 30 au zaidi. Wengi hudanganyika hapo, kwa kuwa chombo ni kile kile.

Sasa tia maji lita 10. Achanisha miguu kidogo, kunja magoti, nyoosha mgongo, uinue bidoni hadi kiunoni huku ukitoa pumzi. Hesabu. Ukifika mara 15 na bado unaweza kupiga soga, uzito huo ni mdogo. Ukishindwa kabla ya 8, au mgongo ukianza kupinda, umezidi, punguza. Uzito unaokufaa ni ule unaokufikisha kati ya 8 na 12, mara mbili za mwisho zikiwa ngumu lakini mgongo bado umenyooka. Pumzika dakika 2, kisha rudia. Ukiweza 12 kwa wepesi siku mbili za mazoezi zikifuatana, ongeza lita 1, si 5, hata kama jirani yako anainua bidoni nzima. Siku moja ipite kabla ya kurudia, maana misuli hujijenga wakati wa mapumziko. Mwenye ngiri, mwenye shinikizo la damu na mama mjamzito waulize kwanza kituo cha afya.

Mwenzetu atauliza: anayebeba mikungu ya chikichi tangu asubuhi ana haja gani ya mazoezi? Swali la haki. Katika mazoezi wewe ndiye unayechagua uzito, idadi na pumziko. Kazini vyote vitatu huchaguliwa na mwingine, na mgongo ni ule ule.

Kwa sababu hiyo, mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha huko Geneva Mkataba namba 127: mfanyakazi asitakiwe kubeba mzigo ambao uzito wake unaweza kuhatarisha afya au usalama wake. Pendekezo namba 128 la mwaka huo huo lilitaka nchi zinazoruhusu mwanamume mzima kubeba zaidi ya kilo 55 zishushe haraka hadi kiwango hicho. Mzigo wa wanawake na wa vijana uwe mdogo kwa kiasi kikubwa.

Tupime basi. Bidoni 3 za mawese ni kilo 54, na kila chombo kitupu kina karibu kilo 1. Umeshapita. Gunia la kilo 100 ni karibu mizigo miwili ya watu wawili.

Swali la kujadili katika kikao cha tawi: mzigo mzito kuliko yote anaobebeshwa mtu mmoja kazini kwenu ni kilo ngapi kwenye mizani, na nani aliyeupanga?